Mama anataka kubadilishwa nyonga, na ameniapisha nisiwaambie ndugu zangu

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 47, ni mtoto wa tatu kati ya wanne, na ndiye ninayeishi na mama yetu. Mama ana miaka 78. Nakuandikia kwa sababu nimeapishwa siri, na hakuna mtu wa familia ninayeweza kumweleza.

Nyonga ya kulia ya mama imesagika. Ilianza na maumivu ya kinena yaliyoshuka mpaka gotini, tukahangaika na goti, tukalichua, tukalifunga bandeji, kumbe tatizo lilikuwa juu. Eksirei ilipopigwa, daktari wa mifupa alituonyesha kwamba ile nafasi inayotakiwa kuonekana kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake haipo tena. Mfupa unasuguana na mfupa. Sasa hawezi kuvaa viatu mwenyewe. Usiku namsikia akijigeuza huku anaguna. Anameza vidonge vya maumivu kila siku, presha anayo ya siku nyingi, na vipimo vya karibuni vimeonyesha figo zimeanza kuchoka. Zaidi ya yote, ameacha kutoka. Mama ambaye mchana hukumkuta nyumbani, leo anakaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi.

Daktari alisema anaweza kumbadilishia nyonga, na kwamba uamuzi ni wa mama. Mama alirudi amechangamka. Tukaitana watoto wote tuzungumze, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mdogo wake mama, mama yetu mdogo, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa nyonga bandia, na hakutoka salama. Alipata nimonia, akafariki kabla ya mwezi wa pili kuisha. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekaa naye hospitalini mpaka mwisho. Katika kikao alisema neno moja tu: "Mkimpasua mama, mnamzika." Dada naye akaleta habari ya mama wa rafiki yake, ambaye nyonga yake bandia ilichomoka alipoinama kuokota kitu. Ikarudishwa, ikachomoka tena. Mdogo wetu wa mwisho hakusema kitu. Wakakubaliana mama aendelee na dawa na mkongojo. Wakati wote huo mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, anasikia kila neno.

Hakulizungumzia tena, nikadhani ameridhika. Kumbe alikuwa amenyamaza tu. Majuzi aliniita akaniambia amewasiliana na daktari mwenyewe na amepewa tarehe, ni mwezi ujao. "Wewe ndiye utakayenipeleka. Wenzako watajua nikishatoka." Akanitaka niape. Nikaapa, kwa sababu alikuwa analia, na mama yangu si mtu wa kulia.

Tangu siku hiyo sina raha. Wakipiga simu kuuliza hali yake nasema hajambo. Akifia mezani, nitawatazama vipi? Kaka hatanisamehe. Nikiwaambia, watazuia, na mama ataona hata mimi nimemgeuka, naye hana mwingine.

Kuna jingine ambalo sijamwambia hata yeye. Mwaka juzi alilazwa kwa maambukizi ya mkojo, na kwa siku kadhaa akawa haelewi yuko wapi. Aliniita kwa jina la marehemu mdogo wake, akataka kuchomoa dripu, usiku hakulala. Alipopona akili ilirudi na hakumbuki chochote. Sikumsimulia, nilimwonea huruma. Najiuliza kama dawa za usingizi zitampeleka huko tena, na kama safari hii atarudi.

Na mimi ni mfanyakazi. Sijui nitamuuguza vipi peke yangu kwa siri.

Nivunje kiapo, au nikitunze na nibebe yote yatakayokuja?

Mtoto wa Tatu

*

Marahaba, mdogo wangu.

Umeniuliza swali la siri, lakini ndani ya barua yako kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni kama mama apasuliwe. La pili ni kama wenzako waambiwe. Uzito wa siri yako unatokana na hofu ya upasuaji, kwa hiyo niruhusu nianze na upasuaji. Mimi si daktari wa mama yako, na kuna mambo ambayo ni yule aliyeiona picha yake na vipimo vyake tu anayeweza kuyasema. Lakini kuna mengine ambayo nadhani yamechanganyika katika kikao chenu, na mkiyachanganua mtaweza kuzungumza.

La kwanza ni msiba wa mama yenu mdogo. Katika familia yenu kifo hicho ndicho kimekuwa kipimo cha upasuaji wa nyonga. Lakini yeye alivunjika. Mzee anayevunjika nyonga anafika hospitalini akiwa na maumivu makali, amevuja damu ndani, mara nyingi alikuwa ameshadhoofika kabla hata ya kuanguka, na hakuna muda wa kumwandaa, kwa sababu madaktari hujitahidi kumpasua ndani ya siku moja au mbili. Katika nchi nyingi ambako hesabu zimewekwa, kati ya watu 20 na 30 katika kila wazee 100 waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja, na nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa. Hata hivyo hupasuliwa, kwa kuwa kubaki kitandani na mfupa uliovunjika ni hatari zaidi.

Mama yako haendi huko. Anaingia kwa miguu yake, kwa tarehe iliyopangwa, baada ya kupimwa. Kwa upasuaji wa namna hiyo hesabu ni nyingine kabisa. Uingereza na Wales zilifuatilia zaidi ya upasuaji 400,000 wa watu waliobadilishwa nyonga kwa sababu ya kusagika. Waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa karibu 6 katika kila 1,000 mwaka 2003, wakapungua hadi karibu 3 katika kila 1,000 mwaka 2011. Usiichukue namba hiyo kama ahadi. Ndani yake wamo watu wa miaka 55 wenye afya njema, na mama yako ana miaka 78, ana presha na figo zilizochoka, hivyo hatari yake iko juu ya wastani huo. Kwa kiasi gani, mwulizeni daktari wenu moja kwa moja: kwa mtu kama huyu, katika hospitali hii, mikononi mwako, mambo huendaje? Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo.

Nasema hivi bila kumdharau kaka yako. Alichokiona ni kweli, na alikibeba peke yake. Ila alichokiona ni nyonga iliyovunjika.

La pili, nimeona mmekubaliana kwamba "aendelee na dawa na mkongojo", kana kwamba huko hakuna hatari. Vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa kila siku na mzee mwenye presha na figo zinazolegea, ni hatari ya kweli: hupandisha presha, huumiza figo zaidi, na huweza kutoboa au kuvujisha damu tumboni. Kama ndivyo anavyomeza mama, hilo ni la kumpeleka kwa daktari wiki hii, upasuaji uwepo au usiwepo. Halafu kuna kiti. Misuli ya mapaja ya mtu asiyetembea huisha upesi, na mwenye misuli dhaifu na nyonga inayouma huanguka. Akianguka anaweza kuvunjika, na hapo ndipo atakapofikia upasuaji ule ule uliomchukua mdogo wake. Sisemi kwamba kukaa ni kubaya kuliko kupasuliwa. Kusagika kwa nyonga hakuui, na wapo wanaopunguziwa maumivu kwa mazoezi ya tiba, kupunguza uzito na dawa zilizopangwa upya, wakaishi miaka yao bila kisu. Nasema tu kwamba njia zote mbili zina gharama, na kikao chenu kilihesabu ya upande mmoja.

Sasa yale yanayoweza kwenda vibaya, kwa sababu dada yako naye hakutunga. Nyonga bandia huchomoka kwa mtu mmoja hadi watatu katika kila 100, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo kabla misuli haijashika. Ndiyo maana wengi hukatazwa kwa wiki kadhaa kuinama sana, kukaa kwenye kiti cha chini, kukunja nne na kuugeuzia mguu ndani, ingawa masharti hutegemea upande ambao daktari alipitishia kisu, na wapo madaktari walioyalegeza. Maambukizi ndani ya kiungo humpata karibu mmoja katika kila 100. Ni machache, lakini yakija ni mazito: kusafishwa tena, antibayotiki za muda mrefu, na pengine nyonga yote kutolewa na kuwekwa nyingine baada ya miezi. Damu inaweza kuganda mguuni na kipande kikapanda mpaka kwenye mapafu, kwa hiyo hupewa dawa ya kuzuia na huamshwa atembee siku hiyo hiyo au kesho yake. Mguu mmoja unaweza kuwa mrefu kidogo kuliko mwenzake. Mshipa wa fahamu unaweza kujeruhiwa, unyayo ukalegea. Na kwa wanawake wazee ambao mifupa yao imepungua uimara, mfupa wa paja unaweza kupasuka kandokando ya chuma. Muulizeni daktari kama atatumia saruji ya mifupa, yaani ile gundi ya kushikiza chuma kwenye mfupa. Kwa wazee hupunguza hatari hiyo, ingawa mara chache yenyewe hushusha presha ghafla inaposhindiliwa, hasa kwa mwenye moyo dhaifu.

Liko pia lile ambalo watu hawaambiwi vya kutosha: karibu mtu mmoja katika kila 10 hubaki na maumivu yanayomsumbua hata kama picha inaonyesha kila kitu kimekaa sawa. Wengi mno hufurahi. Walioumia usiku hulala, waliochechemea hutembea, na chuma chenyewe hudumu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 katika kila 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25, kwa hiyo kwa mtu wa miaka 78 kuchakaa kwa chuma si jambo la kumkosesha usingizi. Lakini mama aingie akijua kwamba "nitapona kabisa" ni tumaini kubwa, tena lenye msingi, na bado si hakika.

Nimeacha jambo moja kwa makusudi, kwa sababu ndilo naona limekaa katikati ya barua yako. Zile siku za mwaka juzi.

Alichokipata mama kinajulikana vizuri kwa madaktari wa wazee. Ni akili kuvurugika kwa ghafla kwa sababu mwili umeelemewa, na mtu aliyewahi kuvurugikiwa hivyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa, hasa baada ya upasuaji. Kwa wengi huisha ndani ya siku chache au wiki chache. Kwa wachache, hasa ambao kumbukumbu ilikuwa imeshaanza kuyumba, hawarudi pale pale walipokuwa. Watu wengi hudhani kwamba akidungwa ganzi ya mgongoni badala ya nusukaputi ataepuka. Tafiti kubwa zilizofanywa kwa wazee waliovunjika nyonga hazikukuta tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili. Kinachosaidia ni mambo yanayoonekana madogo: miwani yake na kifaa cha masikio kama anacho viwe karibu, anywe maji ya kutosha, maumivu yatulizwe, maambukizi ya mkojo yatafutwe na kutibiwa kabla, asipewe ovyo dawa za kumlaza, alale usiku na aamshwe mchana. Na nyuso anazozifahamu. Mtu wa kumwambia yuko wapi, leo ni siku gani, wewe ni nani, tena na tena, mchana na usiku.

Hapo ndipo nakuomba uitazame siri upya. Mnaiona kama ukuta wa kumkinga mama. Lakini likitokea lile unaloliogopa zaidi, dawa yake kubwa ni watu wake, na siri imempunguzia watu hao mpaka amebaki na wewe mmoja, ambaye una kazi na huwezi kukesha usiku saba mfululizo. Tena ni katika siku hizo hizo ambapo huenda asiweze kujisemea. Daktari akitaka uamuzi, atakuuliza wewe. Na kaka yako, kama atapigiwa simu siku hiyo, atafika amkute mama anamwita kwa jina la mtu mwingine, kitandani, baada ya upasuaji ambao hakujua kama ulikuwepo. Sitaki kukutisha. Nataka tu uone kwamba hatari ya upasuaji na hatari ya siri zinakutania mahali pamoja.

Kuna dhana nyingine ya kuigusa polepole. Umesema ukiwaambia "watazuia". Watazuiaje? Mama ana akili zake timamu. Amejifuatilia tarehe mwenyewe, jambo ambalo mtu aliyechanganyikiwa hawezi. Fomu ya ridhaa ni ya mgonjwa kusaini, si ya kura ya watoto. Wanachoweza kufanya ni kulia, kugomba, kununa, kumtia hofu mpaka arudi nyuma, na sidharau nguvu ya hayo kwa mama wa miaka 78. Ila najiuliza kama mama anachokikimbia ni ndugu zako kujua, au ni kikao. Alilala chumbani akisikiliza watoto wake wanaamua juu ya mguu wake bila kumwita. Mtu aliyepitia hayo anaweza kuona njia pekee ya kuamua ni kujificha. Kuwaarifu watoto na kuwaomba ruhusa ni vitu viwili, na inawezekana hakuna aliyemwonyesha kwamba anaweza kufanya la kwanza bila la pili.

Basi una njia gani? Unaweza kutunza kiapo mpaka mwisho. Utakuwa umeheshimu neno lako na haki yake ya kuficha habari za mwili wake, na mambo yakienda vizuri, kama yanavyokwenda kwa wengi, hasira za wenzako zitapoa wakimwona anatembea. Yakienda vibaya utakuwa peke yako, wakati unapowahitaji zaidi na wao wakiwa na sababu ya kukulaumu. Unaweza kuvunja kiapo ukawaambia bila yeye kujua. Watakuja mapema, lakini mama anaweza kuahirisha kwa uchungu, au akakuona umejiunga na kile kikao, na safari nyingine asikuambie hata wewe. Hilo la mwisho ndilo lingenitia hofu zaidi, maana wewe ndiye mlango wake pekee.

Ama unaweza kurudi kwake. Si kwa kumwambia "nimebadili mawazo". Mwambie unachoweza kukibeba na usichoweza: "Mama, nitakupeleka. Nitakuwepo. Lakini siwezi kuwa peke yangu usiku wa pili na wa tatu, na siwezi kuamua peke yangu kama hutaweza kusema." Kisha mwulize nani kati ya watoto wake angependa ajue. Huenda si wote. Yule mdogo wenu aliyenyamaza, sijui kunyamaza kwake kulikuwa na maana gani, nanyi hamjui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Huenda mama akataka kuwaambia mwenyewe wiki moja kabla, kwa simu, kwa maneno mawili, bila kufungua mjadala. Huenda akakubali kaka aende naye kliniki amuulize daktari maswali yake uso kwa uso, kuhusu nimonia, kuhusu mapafu, kuhusu yale yaliyompata mama mdogo. Kaka anaweza kutoka huko anapinga bado. Anaweza pia kumjibu vibaya mama. Na mama anaweza kukwambia hapana, hakuna atakayejua, na hapo utarudi kwenye zile njia mbili za kwanza, ila safari hii yeye akiwa anajua mzigo aliokutwika.

Katika mazungumzo hayo, lipo jambo ambalo naomba ulifikirie sana: kumsimulia zile siku za hospitalini. Ulimficha kwa huruma, na naielewa huruma hiyo. Lakini sasa anakwenda kusaini karatasi inayosema ameelewa hatari zake, na hatari moja iliyo kubwa kwake hasa haijui, kwa kuwa haikumbuki. Ni haki yake kuijua. Na awe ameambiwa au hajaambiwa, daktari wa usingizi na daktari wa mifupa lazima walisikie kabla ya siku ya upasuaji, pamoja na orodha ya kila kidonge anachomeza, cha hospitali na cha dukani. Mkiwa hapo, mwulizeni mama mbele yao: "Ukishindwa kusema, nani akusemee, na ni kitu gani usingependa ufanyiwe?" Ni swali gumu. Akilijibu yeye, nyinyi watoto hamtalazimika kugombania jibu lake.

Na tarehe, mdogo wangu, si amri. Huu si mfupa uliovunjika, unaweza kungoja. Wiki kadhaa za maandalizi zina faida zake: kupima damu kama imepungua, kupima mkojo, kutibu meno mabovu, kupanga dawa upya kwa ajili ya figo, mazoezi ya kutia nguvu mapaja, kuuliza kama alichomwa sindano ya steroidi kwenye nyonga katika miezi mitatu iliyopita, maana huongeza hatari ya maambukizi. Ubaya wa kungoja ni kwamba kungoja kusiko na mwisho ni namna ya kukataa, na mama ataijua mara moja. Mkingoja, ngojeni hadi tarehe nyingine iliyoandikwa.

Kuhusu wewe. Wiki mbili za mwanzo nyumbani huhitaji mtu mchana na usiku: kumsindikiza chooni, kumvisha, kuangalia kidonda, dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wakati. Kiti kiwe cha juu chenye mikono, choo kiinuliwe, mikeka na nyaya ziondolewe njiani. Wengi huacha fremu au magongo kati ya wiki ya 4 na ya 6, wazee huchukua zaidi, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka. Kidonda kikichuruzika au kuwa chekundu na homa kupanda, shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla au kifua kubana, au mguu ukifupika na kugeuka kwa maumivu makali, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Soma tena orodha hiyo ukijiuliza ungeifanya na nani. Ukimweleza mama kwamba unachoka, hujamsaliti.

Lipo jambo moja unaloweza kulifanya leo bila kugusa kiapo hata kidogo. Mpigie kaka yako umuulize juu ya mama mdogo. Usitaje upasuaji wa mama. Mwulize tu siku zile zilikuwaje: nani alikuwa anampokea zamu, madaktari walimwambia nini, alilala wapi. Amekaa na kifo kile peke yake, na kila mnapotaja nyonga ndicho kinachojibu. Mwache aseme mpaka amalize, halafu ndipo utajua kama ni mtu ambaye mama anaweza kumwambia.